Kujifunza Kusema Naumwa

Huku kwetu mtu akikuuliza u hali gani, hataki kujua u hali gani. Anakuamkia tu. Nawe huna jibu jingine ila njema, alhamdulillahi, hata kama umeletwa kwa machela. Nimewasikia watu waliovunjika mguu wakijibu "sijambo". Marehemu baba yangu, siku zake za mwisho, aliulizwa hali na imamu akajibu, "Hatujambo, twamshukuru Mungu," kisha akafumba macho na hakusema tena siku ile. Adabu hiyo nilikuwa nikijivunia. Mimi ni mwalimu wa gredi ya tatu, na kila asubuhi darasa zima husimama kuniambia hawajambo, pamoja na yule mwenye mafua na yule ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana. Sikujua kwamba adabu hiyo hiyo ingekuja kunifunga mdomo siku niliyotaka kuufungua.

Kichwa changu kina jina. Wazee hukiita kipandauso, na aliyekipa jina hilo bila shaka alikuwa nacho. Huanza nyuma ya jicho la kulia, hupanda kwenye kipaji, hushuka shingoni, kisha hukaa. Kikikaa sitaki mwanga, sitaki sauti, sitaki kusikia kitunguu kinakaangwa hata nyumba ya tatu. Hutapika mpaka nyongo. Hulala sakafuni kwa kuwa saruji ina baridi, nimejifunga leso kichwani na kuikaza kama anayefunga mzigo. Binti yangu mdogo amezoea. Jirani akija kuniulizia, yeye humjibu mlangoni: "Mama amekufa leo. Kesho atafufuka." Watu hucheka. Mimi pale chini nawasikia wanavyocheka, na sina nguvu hata ya kukasirika, na kukasirika ndicho kipaji nilichojaliwa.

Mwanzoni kilikuwa kikija mara moja kwa muhula. Nikakivumilia. Kikaanza kuja kila mwezi, kisha kila wiki, na kilipenda sana siku ya Ijumaa. Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu Ijumaa hiyo. Walimu wenzangu walisema natafuta mapumziko marefu. Mama mkwe wangu, ambaye twaishi naye nyumba moja hapa Msambweni, alisema ni jini lisilopenda siku tukufu. Mimi nilidhani ni uchovu wa wiki nzima, wa bodaboda ya kwenda shule upande wa Kikoneni na kurudi, wa jua na vumbi la chaki. Hakuna aliyekuwa sahihi, lakini hilo nilikuja kulijua baadaye.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa bara, si mbaya. Aliniita ofisini kwake akafunga mlango, nikajua mambo yamekwisha kuiva.

"Mwalimu, mimi nakurespect sana," akasema. "Lakini hii Friday yako imezidi. Kama ni ugonjwa, daktari aniambie ni ugonjwa. La sivyo muhula ukianza hiyo class nitapatia mtu mwingine."

Nilimjibu kwamba nimemsikia. Nikatoka, nikaenda kusimama chooni mpaka machozi yakauke. Watoto wale nilikuwa nao tangu hawajui kushika kalamu. Kunyang'anywa darasa kwa ugonjwa ningelikubali. Kunyang'anywa kwa uvivu nisio nao, hilo hapana.

Basi nikaenda kliniki. Nilienda Jumatatu, siku ambayo kichwa hakikuwepo, maana siku kinapokuwepo siwezi kusimama, sembuse kupanga foleni. Nilioga, nikavaa vizuri, nikapaka wanja. Anayekwenda mbele ya watu hujisitiri. Kijana aliyenihudumia alikuwa mpole kabisa.

"Habari yako, madam?"

"Nzuri, alhamdulillahi."

"So shida iko wapi?"

"Kichwa kidogo," nikasema.

Kidogo! Nilikuwa nimetambaa sakafuni siku tatu kabla ya hapo, nimekojoa kwenye ndoo kwa kuwa choo kiko uani na uani kuna jua, na mbele ya mtu aliyesomea kunisaidia nikasema kidogo. Lakini ndivyo tusemavyo. Mtu ana homa ya kumtetemesha kitanda, anasema ana homa kidogo. Kukuza maumivu yako ni kama kumlalamikia Mungu kwa alichokupangia. Yule kijana akanitazama, akaona mwanamke aliyependeza, mwenye kichwa kidogo. Akanipa vidonge vya maumivu, akaniambia ninywe maji mengi. Simlaumu. Hata mimi ningejipa maji.

Siku ya Ijumaa iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Nilikuwa sakafuni tangu asubuhi, vidonge nimevitapika pamoja na maji yake. Mama mkwe akaingia na chetezo chenye makaa mekundu. Akatia ubani, akatia udi, akatia na vitu vingine avijuavyo mwenyewe kutoka kwao Kikoneni. Akaniketisha, akanifunika leso nzito mimi na chetezo pamoja, akanishika mabega.

"Vuta, mwanangu," akasema. "Vuta, litoke."

Nikavuta. Moshi ukaingia puani, ukapita nyuma ya jicho, ukawa msumari. Nilitapika mapajani mwangu, naye akasema alhamdulillahi, ndiyo latoka hilo. Alinifuta mwenyewe, akanilaza mwenyewe, akakaa pembeni yangu ananipepea kwa kipande cha katoni mpaka adhuhuri. Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Natamani angekuwa mbaya, ningalijua wa kumchukia. Alipotoka kwenda kuswali, nilimwomba Mungu waziwazi aniondolee kichwa au aniondoe mimi, na kwamba lolote katika hayo mawili nitashukuru. Ilikuwa dua ya kweli. Niliogopa nilipojisikia nikiisema, lakini sikuirudisha.

Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja kule Diani, na huja nyumbani siku zake za mapumziko. Alipokuja alinikuta nimebaki macho tu. Alikuwa amesikia kazini kwamba kuna daktari bingwa wa maradhi ya kichwa atakayekuja kutoka Mombasa kuona wagonjwa siku moja tu, siku ya Alhamisi, na alikuwa amekwisha kunitafutia nafasi.

"Lakini usiende kumwambia kichwa kidogo," akasema.

"Nitasema yote."

"Hebu tuone." Akaketi kwenye kiti cha plastiki mle jikoni, akakunja nne, akakunja uso kidaktari. "Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo."

"Basi nenda nyumbani. Hujambo."

Nilimkasirikia. Nikamwambia siwezi kumvamia mtu kwa maradhi kabla hatujajuliana hali, mimi si mnyama. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Nikwambie jambo," akasema. "Hotelini kwetu wazungu hawana haya hiyo. Mzungu supu yake ikipoa, ataniita mezani. Haniambii imepoa kidogo. Ataniambia ilimfikia saa ngapi, kijiko cha kwanza kilikuwaje, cha pili kikawaje, na kwamba jana pia ilipoa, na ya jana ilikuwa afadhali. Mimi hukasirika, naam. Lakini nikirudi jikoni najua la kufanya. Anayenipa tabu ni mwenzetu anayesema chakula kizuri sana, ahsante, na bakuli limerudi limejaa. Huyo nitamsaidia vipi? Basi nawe jifanye mzungu."

"Kichwa changu si supu."

"Jaribu."

Nikajaribu. Alishika kijiko na sahani ya bati, na kila nilipotamka "kidogo" aligonga. Nikisema kichwa huniuma kidogo upande mmoja, kengele. Nikisema hutapika kidogo, kengele. Nikisema hulala kidogo mpaka kipite, akagonga mara mbili, akasema kulala sakafuni siku nzima si kulala kidogo, hata paka hushangaa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tulicheka pamoja. Mwishoni niliweza kulisema lote bila kengele hata moja: kinaanzia wapi, kinakaa muda gani, kinanifanya nini, kimeninyima nini. Nilipofika hapo pa kunyima, nikalitaja darasa langu. Akaweka sahani chini.

"Na kabla hakijaanza," akauliza taratibu, "huona dalili gani? Lazima atauliza."

"Sioni kitu," nikasema.

Huo ulikuwa uongo. Kabla ya kichwa huja mwanga. Kwanza ni doa dogo, kama lile linalobaki ukilitazama jua ukageuka. Doa hukua, hupinda kama mwezi mchanga, na ukingo wake una meno kama ya msumeno, yanametameta. Chochote kinachoangukia ndani yake hupotea. Nimewahi kuandika ubaoni "mwanafunzi" nikabaki naona "mwana" peke yake. Nimewahi kumsomesha mtoto ambaye hakuwa na jicho la kulia, na mtoto mwenyewe alikuwa mzima, ananitazama kwa macho yote mawili. Mara nyingine mkono hufa ganzi, na ulimi hutafuta neno usilipate. Hayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume. Anayeona visivyoonekana na wengine ana jina lake hapa petu. Kuna mama wa mtaa wetu alisema tu kwamba huona mianga, akachezewa ngoma ya pepo wiki nzima, na hadi leo hakuna anayempa mtoto wake kumshika. Mimi ni mwalimu. Mikono yangu yote ni watoto wa watu. Isitoshe nilikuwa na hofu ya pili, ambayo sikuthubutu kuitaja hata moyoni: kwamba kuna kitu kinaota mle ndani ya kichwa na mwanga huo ndio salamu zake.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nawafundisha watoto methali hiyo, nawapa na alama.

Tulipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kuni mkononi. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

"Mwanamke mzima," akasema, "kukaa mbele ya mtu kuhesabu maumivu yake. Enzi zetu tulizaa tukiuma leso."

"Mama," mume wangu akaanza.

"Mimi sikusema neno," akajibu, akaweka kuni, akaenda zake. Siku mbili zilizofuata alinijibu marahaba ya mkato na hakuniongezea neno.

Alhamisi ilipofika, mume alikuwa amerudi kazini. Niliamka mapema nikiwa na kichwa chepesi, nikaogopa hata huo wepesi, maana ningekwenda tena mbele ya daktari nikiwa mzima. Nilikuwa narudia maneno yangu midomo ikicheza. Nilipotoka chumbani kutafuta buibui langu sikuliona msumarini. Lilikuwa ukumbini, limetandazwa juu ya kikapu kilichopinduliwa, na chini ya kikapu chetezo kinatoa moshi. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa pembeni, anageuza upindo ili udi upenye kila upande. Ulikuwa udi wake mzuri, ule wa harusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huwezi kwenda kwa mkubwa ukinuka jikoni." Akalikung'uta, akanivisha kwa mikono yake, akanifunga mtandio. "Nami nakwenda nawe. Mkaza mwana wa nyumba hii hapiti mbele ya daktari peke yake kama mkiwa."

Hiyo ilikuwa suluhu, na hakuna mwanamke wa pwani asiyejua suluhu ikiletwa hivyo. Buibui lile ningelivuaje? Nikamshukuru. Tukapanda tuktuk, yeye ananishika mkono njia nzima kama mimi ndiye mzee. Harufu ilikuwa nzito ndani ya kile kijumba cha turubai, na jua lilikuwa limeanza kupanda.

Pale kwa daktari tulikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine. Palikuwa na joto. Nilikuwa nimelisema somo langu moyoni mpaka katikati nilipomtazama mzee aliyeketi mbele yangu, nikaona hana sikio. Nikapepesa macho. Sikio likarudi, shavu likaondoka.

Sijawahi kuwa na hofu kama ile. Nilisema moyoni, si leo, ya Rabi, si leo, siku nyingine yoyote. Doa likakua. Likapinda, likaota meno. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa kimoja kimoja. Nikajaribu kulirudia somo, nikakuta limemong'onyoka. Nilikuwa nalo neno "jicho" na neno "sakafu" na katikati hamna kitu. Msumari ukaingia mahali pake. Wakaita jina langu wakati huohuo. Mama mkwe akaniinua kwa kwapa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alimwamkia mama mkwe kwanza, shikamoo mama, kama inavyopasa. Kisha akanigeukia. Nilimwona nusu.

"Hujambo, mwanangu?"

Na mimi, ambaye machozi yalikuwa yananitiririka upande mmoja, mwenye mkono usiokuwa wangu, niliyefundishwa kwa kijiko na sahani ya bati, nikafungua mdomo nikamjibu neno pekee ambalo ulimi wangu ulikuwa unaliweza bado.

"Sijambo," nikasema. "Alhamdulillahi."

Nilijua nimekwisha. Nilijaribu kuongeza neno, likatoka jingine lisilokuwa na maana, nikafunga mdomo kwa aibu.

"Muongo huyo," ikasema sauti nyuma yangu.

Daktari akainua macho.

"Unisamehe, daktari," akasema mama mkwe. "Sikulelewa kumkatiza mtu. Lakini huyu ni muongo. Hajambo mdomoni tu. Huyu anaumwa, na hapo unapomwona anaumwa sasa hivi. Kwanza huacha kunitazama. Nikisema naye hunitazama sikioni. Kisha hupapasa kizingiti kama kipofu, hushika kikombe akakikosa. Anaona kitu asichotaka kutwambia. Mimi nikimwona hivyo huondoa sufuria ya moto mekoni kabla hajaifikia, na mtoto humwita kwangu, na simwambii neno. Bado kitambo, kichwa kinamwangusha. Hulala chini kutwa nzima. Hatii kitu mdomoni. Na siku ya pili huamka akashika ufagio na uso umemvimba, akaniambia, mama, leo sijambo. Siku hizi ni kila wiki. Mimi ni mzee, daktari, nimezika mume na watoto. Huyu nikimsikia anavyolia chini ya leso, natoka nje."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa mezani. Miaka yote ile nilidhani nimeuficha ule mwanga. Kumbe mtu alikuwa ananiondolea masufuria ya moto njiani.

"Umeyajua haya tangu zamani, mama?" daktari akauliza. "Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wakijua anaona vitu watamtaka ngomani. Nikasema nitamtibu mwenyewe, ndani, kimya."

"Humtibu vipi?"

"Namfukiza."

"Na hupata nafuu?"

"Hutapika," akasema. "Nikadhani ndiyo latoka."

"Na nyumba nayo hufukizwa?"

"Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa. Kama nyumba zote za Waislamu."

"Na kichwa humjia siku gani zaidi?"

Sikuweza kuuona uso wake mzima. Lakini niliona mikono yake, iliyokuwa inasema pamoja naye muda wote, ikitua mapajani na kutulia.

"Ijumaa," akasema. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. "Na leo nimelifukiza hilo buibui. Nimeamka alfajiri nikalifukiza."

Daktari alisimama akafungua dirisha. Akanisaidia kulivua, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuvumilia kupimwa, akanimulika macho, akanigonga magoti, akanitaka nimfinye vidole. Alimwambia mama mkwe kwamba hakufanya kosa. Ugonjwa ulikuwa wangu, labda nilizaliwa nao. Moshi wenye harufu kali huuamsha kwa watu wengine, sawa na jua kali, sawa na njaa na kukosa usingizi, na hata bila udi ungekuja kwa njia yake. Aliniambia mwanga ule una watu wengi duniani wanaouona, na haukuwa pepo, na kwa alivyonipima hakuona dalili ya uvimbe, ingawa angetaka picha ya kichwa ipigwe ili roho zetu zitulie. Kuna dawa ya kumeza mara tu mwanga unapoanza, na nyingine ya kila siku kwa miezi. Kwamba kichwa hakitaisha. Kwamba huenda kikapungua. Na kuhusu shule, atamwandikia mwalimu mkuu. Mengi katika hayo nilielezwa tena baadaye, maana siku ile niliyasikia kama mtu aliye chini ya maji. Lakini neno moja lilinifikia kamili. Alisema, "Naona unaumwa sana." Nikalia kwa sauti, mbele ya watu, bila adabu yoyote.

Nje, mama mkwe alilikunja buibui likawa dogo kabisa, akalitia chini kabisa ndani ya mkoba na kulikandamiza. Akafungua leso yake ya kiunoni, akanifunika nayo kichwa na mabega. Kwenye tuktuk nililaza kichwa mapajani mwake, naye akaweka kiganja juu ya jicho langu kuzuia jua, na mara mbili alimsimamisha dereva nitapike kando ya barabara. Nilimsikia akijisemea kwa Kidigo, pole pole, maneno ambayo huwaambia watoto wachanga. Sikuwa nimepona. Kidonge nilichopewa kilikuwa kimechelewa na kichwa kilikuwa kinafanya kazi yake yote. Ila nilikuwa nimebebwa.

Tulifika nyumbani alasiri. Jirani yetu wa mkabala, yule ambaye kicheko chake ndicho nikisikiacho zaidi nikiwa sakafuni, alikuwa kibarazani anachagua mchele kwenye uteo. Alituona tunashuka, mimi nimejifunika gubigubi.

"Mwarudi?" akaita. "Hamjambo huko?"

Mdomo wangu ukaanza kujifungua wenyewe chini ya leso. Mama mkwe akanibana mkono.

"Hatujambo gani?" akasema, kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. "Mkaza mwanangu ni mgonjwa. Ni mgonjwa sana, na ni zamani, nasi tulikuwa tukinyamaza."

Jirani alibaki na uteo hewani. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo. Alitazama mchele, akatutazama sisi.

"Poleni," akasema hatimaye, na jibu lake kila mtoto analijua, kwamba tumeshapoa.

"Hatujapoa bado," akasema mama mkwe, akanipitisha mlangoni, akafunga madirisha ya upande wa mtaani, maana ilikuwa Alhamisi na jioni ilikuwa inakuja na vyetezo vya mtaa mzima.